Bei ikibadilika baada ya mauzo, ushuru wa bidhaa unafuata bei ipi?

Mfanyabiashara wa Nyanza-Lac anayeleta vinywaji kutoka Kigoma kwa njia ya Manyovu na Mugina amezoea bei isiyotulia. Mzigo ukishafika dukani, muuzaji anaweza kumpunguzia kwa kuwa amenunua mwingi, au kumletea ankara ya nyongeza akidai gharama zimepanda. Kati ya wawili hao ni maelewano ya kawaida. Kwa mtoza ushuru linabaki swali: je, kilicholipwa mpakani bado kinatosha?

Ushuru wa aina mbili usichanganywe. Bidhaa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye cheti cha uasilia haitozwi ushuru wa forodha ikiingia nchi mwanachama, na kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani kuna cheti rahisi. Lakini ushuru wa bidhaa, unaotozwa vitu kama bia na sigara, haufutwi na cheti hicho. Nchi unakoingia mzigo hutoza kwa sheria yake. Burundi mkusanyaji ni OBR.

Kwa ujazo au kwa thamani

Ushuru wa bidhaa ukitozwa kwa lita, bei ikipanda au kushuka haugeuki, maana chupa ni zilezile. Tatizo huja unapotozwa kwa asilimia ya thamani.

Tuchukue mfano wa katoni 100 za faranga 20,000 kila moja, na kiwango cha asilimia 10, tukiacha kodi nyingine. Thamani ni faranga 2,000,000, ushuru 200,000. Muuzaji akiongeza faranga 2,000 kwa kila katoni, thamani inapanda kwa 200,000 na ushuru wa 20,000 unakuwa haujalipwa. Akipunguza kiasi hichohicho, mnunuzi asitarajie kurudishiwa 20,000 moja kwa moja.

India imeamua kesi za namna hiyo. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ilikataa ombi la MRF, kampuni ya matairi, la kurudishiwa ushuru baada ya bei kushushwa: bei inayohesabika ni ya siku bidhaa ilipotoka kiwandani. Mwaka 2019, katika kesi ya kampuni ya chuma ya SAIL iliyoliuzia shirika la reli, mahakama hiyo ilisema bei ikiongezwa baadaye kwa mauzo yaliyopita, riba ya ushuru wa nyongeza huhesabiwa tangu siku mzigo ulipotoka. Hukumu hizo hazifungi Afrika Mashariki, ila zinaonyesha mzigo unamwelemea nani.

Miaka 5 na miezi 12

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 nayo haitoi muda sawa. Ushuru uliotozwa pungufu unaweza kudaiwa ndani ya miaka mitano, na palipo na udanganyifu kikomo hicho hakizuii. Anayedai kurudishiwa alicholipa kimakosa ana miezi 12 tu tangu siku ya malipo, na punguzo lililoafikiwa baada ya mzigo kuingia ni vigumu kuliita kosa.

Kwa hiyo punguzo liafikiwe na liandikwe kabla mzigo haujavuka. Kama bei ni ya muda, mkataba useme itakavyokamilishwa, na wakala wa forodha aelezwe mapema. Sehemu ya mapato ya mauzo ya baadaye inayorudi kwa muuzaji isifichwe, kwa kuwa sheria inaiongeza kwenye thamani ya forodha. Ankara ya nyongeza ikija, ipelekwe forodhani bila kusubiri ukaguzi. Nyaraka zote, hata ujumbe wa simu wa kukubaliana bei, zitunzwe kwa miaka mitano.

Asiyeridhika na uamuzi wa forodha ana siku 30 za kumwomba Kamishna aupitie upya, kwa maandishi yenye sababu. Barua hiyo ina nguvu ikiambatana na mkataba wenye tarehe iliyotangulia mzigo.