Je, Wajua? Basi la Betri na Safari ya Mboghoni

Kwamba tangu Machi 2022 Nairobi ina mabasi ya abiria yasiyotumia hata tone la dizeli? Kampuni ya BasiGo ilianza na mawili aina ya BYD K6, ya viti 25, yanayokwenda kilomita 250 hivi kwa chaji moja.

Sasa tupige hesabu ya kwetu. Kutoka Taveta hadi Voi ni takriban kilomita 110. Basi hilo likitoka Mboghoni, huku Taveta, alfajiri litafika Voi bila wasiwasi, lakini kwenda na kurudi kutaibakizia betri chaji kidogo mno, na hapo hujahesabu mikungu ya ndizi, joto la Maktau njiani na abiria waliobanana. Bila chaja Voi, kwa maoni yangu, asijaribu mtu.

Chaja yenyewe si soketi ya ukutani. Inahitaji transfoma na laini ya umeme yenye nguvu. Mabasi mengi huchajiwa usiku yakiwa yameegeshwa. Mwaka 2023 Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa magari: shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa ambazo matumizi ni madogo.

Jambo jingine: dereva akikanyaga breki, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kidogo betrini. Na kwa kuwa mota haingurumi, utamsikia makanga vizuri zaidi, upende usipende.