Ameaga, au Ameaga Dunia?

Mimi si katika wale wa pwani wanaowacheka watu wa bara kwa Kiswahili chao. Lugha hii imesafiri, ikapita Nairobi ikafika Ruiru na Thika, na huko imelea watoto ambao hawajapata kuiona bahari. Katika viwanda vya Thika, na katika nyumba za kupanga za Ruiru zilizoota palipokuwa na mibuni, Mkikuyu, Mkamba, Mluhya na Mluo hupatana kazi na bei kwa Kiswahili. Kijana wetu wa Mombasa au Lamu akienda huko kutafuta riziki, hatapata taabu ya lugha. Taabu ataiona kwenye misemo.

Msemo, ndugu msomaji, ni kama kufuli na ufunguo wake. Ukitoa neno moja ukatia jingine, mlango haufunguki, au hufunguka wa jirani. Katika harambee moja mjini Thika nilimsikia msemaji akimsifu mgeni wa heshima kwamba ni mtu mwenye mkono mrefu. Alikusudia mkono wazi, yaani ukarimu. Mwenye mkono mrefu ni mwizi! Watu wakapiga makofi, mgeni akainamisha kichwa kwa shukrani, nasi wawili watatu wa pwani tukabaki kutazamana. Vivyo hivyo, mzee aliyekula chumvi nyingi ameishi miaka mingi, lakini aliyetia chumvi amezidisha habari, na si adabu kumjulisha babu wa watu hivyo mbele ya wajukuu wake.

Hayo ni ya kuchekesha. Lililonifanya nishike kalamu ni neno kuaga.

Yuko mama mmoja wa Lamu aliyehamia Ruiru na mumewe, dereva wa lori. Siku moja mume aliagana na watu wake alfajiri, akashika njia ya Malaba. Kulipokucha jirani akabisha hodi. “Mama, baba watoto yuko?” “Ameaga alfajiri,” akajibu mama, akafunga mlango wake, akaenda zake sokoni. Jirani akaona macho makavu, akasema moyoni kwamba huyu bado hajazinduka. Kabla ya adhuhuri viti vya kukodi vilikuwa vimepangwa uwanjani, chai iko jikoni, na watu wa chama wanaandika michango ya mazishi katika daftari. (Wako wasemao kwamba jina la Thika lenyewe latokana na neno la Kikuyu la kuzika, lakini hilo tuliache.) Mtu mwema mmoja akatafuta nambari ya simu ya mama mzazi wa yule dereva, huko Lamu. Naye hakuukata msemo, aliusema mzima. Bibi yule akamlia mwanawe mpaka alasiri, ndipo mwana mwenyewe alipopatikana kwenye simu, yuko Nakuru anakula.

Kwetu kuaga ni kutaka ruhusa ya kuondoka, na kila mtoto hufunzwa hivyo kabla hajajua kufunga kanzu yake. Aliyekufa ameaga dunia. Huko bara, kwa kuwaonea haya wafiwa, watu wamelikata neno la pili, na matangazo ya tanzia yakawafuata. Kijana wa Ruiru akisikia “ameaga” hafikirii safari ya lori.

Kukata kauli nako kuna msiba wake. Mfanyakazi mmoja wa Thika aliniambia kwa furaha kwamba amekata kauli kununua kiwanja. Kwetu anayekata kauli ni mgonjwa mahututi, ulimi umeshindwa, nasi tumemzunguka tunamsomea. Mwenye kuamua hukata shauri. Najua vitabu vya shule vimeruhusu kauli ikae mahali pa shauri, nami sikubali. Tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima la mtihani katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, watoto hukariri misemo kwa orodha. Orodha hutoa maana, haimwonyeshi mtoto kitanda cha mgonjwa.

Mwalimu mmoja wa Ruiru alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: “Na nyinyi, mzee, mbona mwasema amefariki?” Swali zuri. Sisi tuliosoma chuoni twajua kwamba kufariki, katika Kiarabu, asili yake ni kuachana na kitu. Ndiko kulikotoka kufarakana. Wazee wetu walisema kufariki dunia, kisha wakaikata dunia, kama walivyofanya watu wa Ruiru. Tofauti ni kwamba hakuna Mswahili leo anayefariki kwenda Malaba. Neno lile limekwisha kukaa mahali pamoja, lakini kuaga bado kuna makao mawili, na wenye makao hayo wamepanga uwanja mmoja.

Yule mama wa Lamu siku hizi husema “amesafiri,” na mji anaokwenda mumewe huutaja kwa jina.