Prado ya Dizeli Mbele ya Sheria
Gari la dizeli lililokwisha kutumika, ambalo mkazi wa Kamakis, eneo la Ruiru kandokando ya Eastern Bypass, huliagiza kutoka Japani, hubanwa na sheria hata kabla ya kupakiwa melini. Kiwango KS 1515 cha Shirika la Viwango la Kenya hudai usukani uwe kulia na umri usizidi miaka minane tangu usajili wa kwanza, hivyo mwaka 2025 yaliruhusiwa magari yaliyosajiliwa kuanzia 2018. Mzigo mzito, hata hivyo, umo kwenye kodi. Ushuru wa bidhaa, unaokokotolewa baada ya ule wa forodha kuongezwa kwenye thamani ya gari, hufika asilimia 35 injini ya dizeli inapozidi sisi 2500, yaani ujazo wa silinda zake, ilhali petroli huvumiliwa hadi sisi 3000. Ndiyo maana Toyota Prado ya dizeli ya sisi 2754 hutozwa asilimia 35, na ya petroli ya sisi 2693 asilimia 25, pengo kubwa mno kwa sisi 61. Mkenya anayerejea kutoka ughaibuni aweza kusamehewa ushuru wa gari moja alilolimiliki huko kwa angalau miezi 12, lakini msamaha huo haugusi sharti la usukani wala la umri.