PhD ya Kwantamu ni Ajira

Ukitaja PhD ya kompyuta za kwantamu hapa kampasi, swali la kwanza ni: ada utaitoa wapi? Ndiyo maana wengi wetu tunakata tamaa kabla ya kujaribu.

Jamani, tuelewane. Kule Uholanzi, kwa mfano kwenye taasisi ya QuTech mjini Delft, mtu wa PhD kwa kawaida ni mwajiriwa. Anasaini mkataba, analipwa mshahara kwa takribani miaka 4, na likizo anapata. Nafasi hutangazwa kama kazi nyingine yoyote, kila mradi na tangazo lake. Kwa hiyo usitafute ufadhili peke yake, tafuta na matangazo ya kazi.

Wanataka nini? Shahada ya uzamili ya fizikia, hisabati, kompyuta au uhandisi, na barua inayoonyesha umesoma tafiti za kundi unaloliomba. Barua moja kwa maprofesa 20 haifiki mbali.

Mazoezi nayo yapo. Tangu 2016 IBM imeruhusu watu kutumia kompyuta yake ya kwantamu kupitia intaneti. Mimi najifunzia kwa Qiskit, programu ya bure, kwenye laptopu ya kuazima. Gharama yangu ni bando tu.

Wakikukataa, wakukatae kwa uwezo. Usijikatae mwenyewe kwa sababu ya ada ambayo hukudaiwa.