Kuchukua Mtoto wa Kulea: Nyumba Itazamwe Vipi?

Kulea mtoto usiyemzaa si jambo geni katika visiwa hivi. Ni nyumba chache za Unguja na Pemba ambazo hazijapata kupokea mtoto wa ndugu au yatima wa jirani, akala sahani moja na wenziwe bila ya karatasi wala muhuri. Lakini mtoto asiyekuwa na jamaa anayejulikana, aliye mikononi mwa Serikali, mambo yake ni mengine. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, imeweka utaratibu, na imeitambua kafala, yaani malezi yanayokubalika katika Uislamu. Kabla ya kukabidhiwa mtoto, mwombaji hutembelewa nyumbani na afisa wa ustawi wa jamii. Ziara hiyo imezungukwa na hofu nyingi zisizo na sababu.

Wapo ambao wakisikia afisa anakuja hupaka kuta chokaa, huazima makochi, na bibi mgonjwa huhamishiwa kwa jamaa mpaka mgeni aondoke. Hiyo ni kazi bure. Afisa anayeijua kazi yake hutazama mtoto atalala wapi, kisima kama kina kifuniko, mafuta ya taa na dawa huwekwa wapi, na nani atabaki na mtoto mama akiwa pwani kwenye mwani. Huuliza pato la nyumba si kwa kutafuta matajiri, bali ajue kama chakula kitatosha. Huzungumza na watoto waliomo, tena peke yao. Na bibi yule aliyefichwa pengine ndiye atakayeshinda na mtoto kutwa; kumficha ni kuficha nusu ya nyumba.

Vyeti vya kuzaliwa na cha ndoa, barua ya Sheha na maelezo ya daktari ni vyema viwe tayari. Hata hivyo, matayarisho makubwa ni mazungumzo ya mume na mke. Mtoto anatakiwa kwa nini? Kutamani mtoto baada ya miaka ya kukosa si aibu. Aibu ni kutafuta mtumishi wa bure kwa jina la yatima, na hilo afisa ana wajibu wa kulichimbua. Yako pia ya dini, nayo yasingojee hodi: mtoto habadilishwi nasaba, harithi, ila aweza kuusiwa kisichozidi theluthi ya mali, na akibaleghe ipo mipaka ya sitara, isipokuwa kama alinyonyeshwa na mama wa nyumba hiyo akiwa hajatimiza miaka miwili. Aambiwe pia mapema asili yake. Visiwani hapana siri: asipoambiwa na walezi, ataambiwa na wenziwe chuoni, na siku wamegombana.

Sasa tugeukie upande wa Serikali. Nyumba haijulikani kwa nusu saa. Afisa arudi zaidi ya mara moja, na asije na msafara wa watu hata mtaa mzima ukakusanyika barazani kutazama. Kojani na Tumbatu hufikiwa kwa chombo. Afisa asipopewa nauli, ripoti hulala, na mtoto hubaki kwenye nyumba ya kulelea watoto hali ya kuwa kitanda chake kimekwisha tandikwa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, umeitaja kafala kwa jina katika kifungu cha 20, na umetaka malezi ya mtoto yaendelee bila ya kukatikakatika. Kwa mtoto mchanga, miezi mitatu ni sehemu kubwa ya umri wake.

Tunaiomba idara inayohusika kila mwombaji aliyekataliwa apewe barua, aelezwe kilichopungua na lini atatembelewa tena, badala ya kuambiwa kila Jumatatu apite wiki ijayo.