Ndoa ya wiki sita bado ni ndoa

Kamati ya harusi haijamaliza hata deni la ukumbi, bibi harusi keshabeba mabegi karudi kwao. Mtaani hukumu hutoka upesi: wiki sita, hiyo nayo ndoa? Ifutwe tu.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania, ya mwaka 1971, haiendi hivyo. Anayeomba ndoa yake ibatilishwe hapimwi kwa siku alizokaa. Anaulizwa kasoro iliyokuwepo siku ya kufunga ndoa. Je, mwenzake hakuwa na uwezo wa tendo la ndoa? Alikuwa na ugonjwa wa zinaa wa kuambukiza, au kichaa au kifafa cha kujirudia? Bibi harusi alikuwa na mimba ya mwanamume mwingine? Linaloweza kuzuka baada ya harusi ni moja: mmoja kukataa kwa makusudi kukutana kimwili na mwenzake. Ugomvi, vijembe vya mama mkwe, meseji za hawara, hayo ni ya talaka.

Chukua hiyo ya mimba. Mwezi wa pili mume anaona kadi ya kliniki, anahesabu wiki, hazilingani na tarehe ya harusi. Mahakamani atatakiwa kuonyesha kwamba alipooa hakujua, kwamba amefungua shauri ndani ya mwaka mmoja tangu ndoa, na kwamba tangu agundue hajalala naye kwa hiari. Usiku mmoja wa kusameheana unaweza kuliua shauri zima.

Talaka nayo haiombwi kabla ya miaka miwili ya ndoa bila ruhusa ya mahakama, na ruhusa hiyo hutaka mateso yasiyo ya kawaida. Basi mume huyo akizubaa mwaka mzima akisubiri wazee wakae kikao, atakuta mlango mmoja umefungwa na wa pili haujafunguliwa. Sheria hii ina ukatili wake hapo.

Mkatoliki ana safari nyingine, ya mahakama ya Kanisa, ambako mtetezi wa kifungo cha ndoa kazi yake ni kuzibana hoja za anayetaka kutoka. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliondoa ulazima wa hukumu ya pili, akampa askofu njia fupi pale wanandoa wanapoafikiana na ushahidi uko wazi. Ufupi wa maisha ya ndoa umetajwa katika mabadiliko hayo kama dalili inayoweza kuifungua njia hiyo, lakini wenyewe hauthibitishi ubatili; huko nako kinachotafutwa ni kasoro iliyokuwepo siku ya kufunga ndoa. Ndiyo maana shahidi mwenye uzito ni aliyewajua wakati wa uchumba, dada au mshenga, kuliko jirani aliyesikia vyombo vikivunjwa.