Riziki Haimo Katika Mshahara Peke Yake

Tunaandika haya tukiwa mume na mke, kwa kuwa uamuzi tunaousimulia haukuwa wa mtu mmoja.

Kwa miaka sita mmoja wetu, mume, aliajiriwa katika duka la simu na kompyuta mjini Kilosa. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wateja waliorudi na vifaa vilivyowashinda: printa isiyochapa, kompyuta yenye virusi, simu isiyowaka. Mshahara haukuwa mkubwa, lakini ndio uliolipa kodi ya nyumba na ada za watoto.

Mauzo yaliposhuka likatoka agizo: mwenye kompyuta ya zamani aambiwe haitengenezeki, anunue mpya. Mwalimu mmoja mstaafu akaambiwa hivyo, ilhali yake ilihitaji diski tu. Akalipa, akaondoka na mpya. Usiku ule chakula hakikulika nyumbani kwetu. Tulikumbushana namna Mtume (s.a.w.) alivyotia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini kumelowa, akamkemea vikali muuzaji kwa kuficha kasoro. Tuliona kuwa kompyuta ya mwalimu haikutofautiana na rundo lile, ila sisi tulikificha kizima tukakiita kibovu.

Tukaswali istikhara, kisha tukaamua kuacha. Hatukuondoka kwa hasira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka anayelipwa kwa mwezi kutoa notisi isiyopungua siku 28, nasi tukaitimiza. Akiba yetu ilitosha miezi mitatu.

Mtihani mkubwa ulikuja siku ya mwisho. Simu yake ilijaa namba za wateja alizozikusanya kazini. Kwa anayeanza kujitegemea bila mteja hata mmoja, namba zile zilikuwa mtaji. Mke akauliza swali moja tu: "Baba watoto, namba hizo ulipewa wewe, au lilipewa duka?" Akazifuta zote. Amana ni amana. Na hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikusudii taarifa za mtu zitolewe kwa jambo moja zikatumiwe kwa jingine.

Miezi miwili ikapita Kilosa bila kazi ya maana. Vitumbua vya mke ndivyo vilivyotulisha. Ndipo tulipoitazama Mikumi, mji ulio katika wilaya yetu hii hii, kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, jirani na hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964. Kuna hoteli na nyumba za wageni, na nyingi zina kompyuta. Mume akapanda basi na begi moja. Mteja wa kwanza, mama mwenye nyumba ya wageni, alikuwa tayari kununua kompyuta mpya. Akaambiwa ukweli: ya zamani inatosha, imeharibika waya wa umeme. Akalipa ufundi tu, kisha akawaambia majirani.

Hapo tukaelewa biashara yetu. Hatuuzi kifaa chochote, tunauza ushauri. Asiye na kitu cha kuuza hana sababu ya kumdanganya mteja. Tumesajili jina la biashara BRELA, tumechukua TIN kwa Mamlaka ya Mapato na leseni ya halmashauri. Kila kazi huandikiwa makubaliano: kitakachofanywa, bei na siku ya kulipa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni, nasi tumeona faida yake kwa wanaochelewa kulipa.

Hatutawaficha wasomaji: ipo miezi ambayo kipato hakifikii mshahara wa zamani. Kabla ya kuacha kazi, familia ikae, ihesabu akiba, ikubaliane.

Lilibaki deni moja. Baada ya sala ya Ijumaa, mume alimfuata yule mwalimu mstaafu, akamweleza yote na kumwomba radhi. Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akaingia ndani, akaitoa kompyuta yake ya zamani chini ya kitanda, akaiweka mezani.

"Haya," akasema, "tia hiyo diski. Wajukuu wataitumia."